Mbwa Watano, Mkanda Mmoja na Gambuti Langu la Kushoto

Haya. Kwa kuwa yule jamaa yangu wa Bukavu ameshaitupa ile video ya mimi nikikokotwa na mbwa kwenye kila grupu la Waswahili kuanzia Anchorage mpaka Tanga, na leo nimeamshwa na namba nisiyoijua inaniuliza "wewe ndiye yule wa mbwa?", naomba nisimulie mwenyewe. Ya kwake imekatwa mwanzo. Mtaona kwa nini.

Kwa wageni: naishi nje kidogo ya Fairbanks, Alaska, kwenye kibanda cha magogo nilichopanga kwa mzee mmoja mfuga mbwa wa kukokota sledi, kile kigari kisicho na magurudumu cha kuteleza juu ya theluji. Kibanda hakina bomba. Msinionee huruma, huku vibanda vya hivyo ni vingi. Maji tunabeba kwa madumu, na kuoga tunaenda kulipia kwenye dobi za mashine. Hilo la kuoga likumbukeni. Kodi napunguziwa kwa kazi mbili: kulisha mbwa na kuzoa vinyesi.

Kwenye kulisha sidaiwi. Nawachemshia supu ya samoni, nagonga ndoo ya bati kwa upawa, wanaruka kama kuna harusi. Deni liko kwenye ile nyingine. Baridi ikifika hasi 40, kinyesi cha mbwa ni jiwe. Unakipiga koleo, kinaruka pembeni, na wewe huhisi vidole. Januari nikagundua kwamba ukikisukumia theluji kidogo hakionekani, na usiku theluji nyingine inashuka kukusaidia. Kile kilichogoma kufukiwa nilikikokota nyuma ya mabanda, nikakijengea kilima. Februari hivyo hivyo. Machi nilishakuwa fundi. Siku za mwizi arobaini, na mimi digrii zangu zilikuwa hizo hizo.

Sasa Aprili hii. Majira ya kuchipua ya huku msiyafikirie maua; yanaanza na tope. Theluji ukiitoa "thel" kinabaki "uji", na ndicho kilichojaa uwanjani. Jua linawaka saa kumi na sita kwa siku. Kilima changu kikaanza kushuka na kutoa siri tabaka kwa tabaka: juu Machi, chini yake Februari, na harufu ya Januari inakuja kwa mbali. Mzee alikuwa anakitazama, ananitazama, anakunywa kahawa yake. Hasemi.

Mzee huyu kila uzao wa mbwa anaupa majina ya aina moja. Miaka mitatu iliyopita akaniomba viungo vya kwetu. Ndiyo wakapatikana Iliki, Karafuu, Mdalasini, Bizari na Tangawizi. (Mkamsikie Mmarekani akimwita Mdalasini. Mbwa mwenyewe anainamisha kichwa kwa aibu.) Iliki na Karafuu tulibaki nao, wengine wakaenda kwa watu. Jumamosi wote watano wakaletwa kukutana, na majirani wakaja na vyakula.

Nilidhani hawatakumbukana. Bizari alishuka garini manyoya ya mgongo yamesimama. Karafuu akamnusa mkiani, akasita, akanusa tena kama mtu anayesoma barua. Halafu akampiga kikumbo cha bega. Basi! Wakaanza kuzungushana, wengine wakaingia, ikawa vumbi la maji. Mara Tangawizi akainua pua juu akaachia sauti ndefu, na wote wanne wakamfuata. Mzee alivua miwani akaifuta. Na mimi koo lilinibana, sifichi.

Hapo ndipo tungeishia. Mzee akataka picha, ndugu watano kwenye mstari. Nikamwambia mzee wangu, niachie mimi. Nikavaa ule mkanda mpana wa kiunoni ambao watu wa huku hujifunga mbwa akiwavuta kwenye ski, zile mbao ndefu za miguuni za kutelezea thelujini, nikawafunga wote watano hapo mbele ili mikono ibaki huru kushika biskuti. Mkanda una kikamba chekundu, ukikivuta unafunguka. Mzee alinionyesha mara mbili. Nikamwambia nimeelewa.

Upande wa pili wa uwanja jamaa wa Bukavu anatafuta pa kukaa. Akaiona ndoo. Akaipindua. Akaipiga kitako kuikung'uta maji.

Ngo. Ngo. Ngo.

Kila mbwa ana kilo kama 22. Mara tano. Mimi nina 68 nikishakula. Masikio kumi yalisimama kwa pamoja, na nikapata muda, naapa nilikuwa nao, wa kusema moyoni "hapana". Hatua ya kwanza nilipiga kwa hiari. Ya pili niliipiga, gambuti la kushoto likabaki kwenye tope. Ya tatu niliipiga kwa soksi. Ya nne haikuwepo. Nilikwenda chini kwa kifua, mikono mbele, biskuti bado nimeishika.

Mbwa wa sledi akihisi mzigo nyuma hasimami, anakaza. Ndiyo shule aliyosoma. Amri za kimbwa nazijua, kulia "gee", kushoto "haw", ya kusimama pia naijua. Kilichonitoka ni "Jamani! Nyie! Subirini basi!" Kikamba chekundu nilikuwa nakiona. Kiko hapa, chini ya kidevu, kinacheza kwa upepo. Mkono haukwenda.

Nilipita mbele ya meza ya wageni kwa tumbo. Walikuwa wanabishana barafu ya mto Tanana itakatika lini kule Nenana, maana watu huku wanacheza kubahatisha siku, saa na dakika yake tangu 1917. Nilisikia vizuri kabisa mama mmoja akisema "tarehe tatu Mei". Akanyamaza. Nikamwona ananifuata kwa macho, uma uko hewani.

Na sasa kile kipande ambacho video haina. Jamaa alipoona mbwa watano wanamjia angeitupa ndoo, tungeishia pale. Hakuitupa. Alikimbia NAYO. Akakimbilia wapi? Nyuma ya mabanda.

Kilima kilikuwa kimelainika. Tuliingia kwa upande wa Machi. Niliifunga midomo, nikafumba macho, nikasikia baridi inaingia kolani, taratibu, kama mtu anamimina. Februari. Nilipofika Januari kulikuwa bado na vipande vigumu, vinagonga mbavu kimoja kimoja, na kila kimoja nilikikumbuka. Shemeji, mke wa jamaa, ndiye aliyerekodi. Mkono hautetemeki. Sauti tu: "Muone ndugu yetu, imbwa zinamukokota!"

Ndoo ikaanguka, mbwa wakasimama, wakaikuta tupu. Mzee akaja kwa mwendo wa kwenda msikitini mapema, akainama, akavuta kikamba kwa vidole viwili. Akakitazama kilima. Akanitazama. Akasema kwa upole, "Kumbe vyote vilikuwa hapa."

Mengine ya haraka: hakuna aliyekubali niingie garini, nikapelekwa dobi nyuma ya pikapu na turubai, nikaoga sarafu zote za mfukoni na nyingine za mkopo. Bukavu anadai sarafu zake.

Tanga ilikuwa usiku. Alfajiri yao video ikamfikia shangazi yangu wa Ngamiani. Akanitumia sauti ya dakika nne, mtoto wa Kiislamu na mbwa, tena watano, nisisahau kujitwaharisha mara saba, moja kwa udongo. "Ila hiyo ya udongo," akasema, "naona umeshaanza nayo."

Leo asubuhi nimekuta koleo limeegemezwa mlangoni kwangu. Nimeshatoa ndoo kumi na nane. Gambuti bado halijaonekana, na Tangawizi, aliyebaki kwetu mpaka Jumapili, kila nikikaribia kona moja ya banda lake ananikalia mbele.