Mbuta Hana Kesi ya Kujibu

Kila upepo unaposukuma magugumaji hadi yakajaa Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria na mashua za Dunga zikashindwa kutoka, kuna kauli ambayo haikosi kusikika Kisumu, hasa kwa vijana waliosomea mazingira: kwamba binadamu ni mnyama kama wanyama wengine, tena msumbufu kuliko wote, na ziwa lingekuwa salama zaidi kama tusingekuwapo. Wapo wanaopinga, wakisema mtu amewekwa duniani kwa kusudi. Mkristo atakusomea Mwanzo 2:15, kuhusu bustani ya kulimwa na kutunzwa. Mwislamu atakukumbusha kwamba mwanadamu alifanywa khalifa katika ardhi. Wa kwanza huwaona hawa wa pili kuwa watu wa majivuno. Nadhani wanawaonea.

Hata hivyo, ushahidi wa hao wa kwanza ni mzito. Mbuta, yaani sangara, hakujileta. Alitiwa ziwani miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, enzi za ukoloni, ili fulu, visamaki vya miba visivyo na bei, wageuzwe kuwa samaki mkubwa wa kuuzika. Kwa maneno mengine, waliofanya hivyo walijiona wanaliboresha ziwa. Kufikia miaka ya 1980 mbuta alikuwa amefumuka, na kati ya aina zipatazo 500 za fulu, kiasi cha 200 zinakadiriwa kutoweka, nyingi zikiwa hazipatikani popote pengine duniani. Fulu alianikwa juani akakauka. Mbuta ana mafuta, sharti akaangwe au abanikwe kwa moshi, na kuni zikatwe. Minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, watu wa mtaa wa Obunga, Kisumu, wakabaki kukaanga mgongo wazi, mifupa iliyokwisha kutolewa minofu. Kama huo ndio utunzaji, mtu ana haki ya kusema heri pasingekuwa na mtunzaji.

Wanaongeza jambo jingine, nalo si la kubezwa. Kiboko hula majani nchi kavu usiku, mchana akarudisha mbolea majini. Nyuki huchavusha. Kila kiumbe kina nafasi yake, lakini ukimwondoa binadamu, sioni atakayemkosa, labda kunguru wa sokoni Kibuye.

Haya, nakubali. Lakini tazama mashtaka yenyewe yamemwelekea nani. Hakuna aliyewahi kumlaumu mbuta. Amemeza fulu bila kipimo, na hakuna kikao hata kimoja kilichomtaka ajieleze. Magugumaji nayo, yaliyotoka Amerika Kusini na kuonekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, yameziba bandari na kunyima samaki hewa, lakini hatuyaiti mabaya isipokuwa kwa mzaha. Wa kujibu ni mtu peke yake. Sasa, anayesema mtu ni mnyama tu, halafu akamshtaki mnyama mmoja na kuwaachia wengine wote, anasimama juu ya tawi analolikata.

Na si suala la akili nyingi tu. Mwaka 1960 mwanasayansi Geoffrey Fryer aliandika kupinga kuingizwa kwa mbuta, akionya kuhusu hatari ya kumtia samaki mla nyama mkubwa katika ziwa lenye samaki wasiopatikana kwingine. Hakusikilizwa. Mimi nalirudia jambo hili kila ninapobishana, kwa sababu linaonyesha tofauti ilipo hasa. Mbuta hawezi kuonywa. Mtu alionywa, alikuwa na nafasi ya kuacha, akaendelea. Hata dhambi yetu inathibitisha kwamba tulikuwa na kazi ambayo kiumbe mwingine hakupewa.

Chukua pia fukusi, wadudu wanaokula magugumaji. Mwaka 1997 wadudu hao, asili yao Amerika Kusini kama mmea wenyewe, walianza kuachiliwa upande wa Kenya, baada ya kupimwa kwanza kama wangevamia mimea mingine. Fukusi mzima hukwangua jani, kiluwiluwi wake akatoboa shina hadi maji yakaingia na mmea ukazama. Miaka michache baadaye sehemu kubwa ya magugu ghubani ilikuwa imepungua. Wengine wanasema mvua na mawimbi ya El Niño vilisaidia, na huenda ni kweli. Kinachonivutia ni kwamba fukusi alikuwa anatafuta chakula chake tu. Aliyejua kwamba ziwa linaumwa, akauliza ni nani adui wa mmea huu kwao, kisha akamzuia mdudu mpaka apimwe, ni mtu. Ndiyo, mtu yule yule aliyemleta mbuta.

Magugu yalirudi baada ya mvua kubwa za mwisho wa 2006. Yanalishwa na maji taka ya miji na mbolea inayoshuka na mito kama Nyando na Nzoia. Hapo fukusi amefikia mwisho wa uwezo wake, maana hawezi kuziba bomba la maji taka.

Pingamizi linalonisumbua kuliko yote halitoki kwa wale vijana. Linatoka msitu wa Mau, ambako mito Njoro na Makalia huanzia ikielekea Ziwa Nakuru. Serikali iliwafukuza Waogiek, jamii ya msituni inayoishi kwa uwindaji na asali, kwa hoja ya kuhifadhi mazingira, na Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikaikataa hoja hiyo na kuwapa Waogiek ushindi. Mwenye mizinga ya asali alikuwa ameambiwa na mwenye ofisi kwamba yeye si mtunzaji. Fundisho la utunzaji likishikwa na mwenye nguvu hugeuka hati ya shamba, na watetezi wake, wakiwemo viongozi wetu wa dini, hawalisemi hili vya kutosha. Hata hivyo, Waogiek hawakushinda kwa kudai kwamba binadamu hana nafasi msituni. Walishinda kwa kuonyesha kwamba nafasi hiyo ni yao.

Kwa hiyo mjadala wa kama dunia ingefurahi bila sisi nawaachia wenye muda. Kuanzia Siaya hadi Homa Bay, vizimba vya kufugia samaki vinazidi kuongezeka ziwani, na chakula kisicholiwa pamoja na kinyesi vinatua chini ya vizimba hivyo, katika maji ambayo tayari yanalisha magugu. Huenda ni neema. Mbuta amepungua, na watu lazima wale. Lakini anayetoa leseni leo ana faili la mbuta mezani, na onyo la 1960 limo ndani yake.