Sikulia, na Meza Haikuanguka

Yakhe, kabla habari haijafika Wete kwa mamangu, bora niseme mwenyewe. Tangu juzi simu yangu haipumui. Kila kundi la WhatsApp nikifungua nakuta ile klipu, na chini yake maelezo ya mwenzangu wa chumba kimoja, mtu aliyevaa raba zangu siku hiyohiyo: eti nililia nikimwita mama, eti nikaangusha meza ya mgeni rasmi. Uongo mtupu. Sikulia. Na meza haikuanguka. Kilichoanguka ni kreti ya soda.

Bonanza la michezo kikosini, hapa Unguja, Jumamosi, jua la kaskazi limeshaanza kuuma. Sisi kombania yetu ni askari wa miguu hasa: saa kumi na moja alfajiri mchakamchaka na chenja, ukirudi pushapu, ukimaliza pushapu gogo begani. Sasa kwenye kuvuta kamba tukapangiwa na nani? Wapishi, madereva na makarani. Wallahi niliwaonea huruma. Nikamwambia mpishi wao mbele za watu, "Kaka, leo tunakuvuta mpaka ndani ya sufuria lako la maharage." Akacheka tu. Ningemuuliza kwao wapi angeniambia Nungwi, na mie ningefunga mdomo. Watu wa Nungwi wanaunda majahazi na kuyavuta pwani, kamba wameikuta kwa babu zao.

Wanane kwa wanane. Mie mshika mkia, si wa ligi, wa kamba. Sajenti wa michezo alishatuelekeza wiki nzima: kamba ipite chini ya kwapa, ikatize mgongoni, itokee juu ya bega la pili, ncha iachwe huru. Fundo marufuku. Nilimsikia vizuri tu. Lakini mie Mpemba, nimejua kufunga mashua kabla ya kujua kufunga viatu. Nikasema moyoni, nanga gani haifungwi? Nikaizungusha kiunoni mara mbili, nikapiga fundo, nikalifunika na fulana.

(Wewe unayeandika "alijitakia" huko chini, nakuona. Subiri, hatujafika.)

Firimbi ikalia. Sisi tukavuta kila mtu kwa nguvu zake, mishipa imetutoka shingoni, mmoja anapiga kelele "vuta", mwengine "bado". Wale wala hawakuvuta. Wamelala nyuma, wametulia kama wanangoja chai. Kisha mpishi akafumba macho, akaita taratibu, "Haraaambe!" Saba wakajibu, "Eee!" Kamba ikaenda shubiri moja. "Haraaambe!" Shubiri nyengine. Jamaa hakuwa anashindana. Alikuwa anapandisha chombo pwani.

Mtu wetu wa mbele akateleza. Akamwangukia wa pili, wa pili akamkalia wa tatu, na kuna mtu, jina lake nalihifadhi kwa siku ya kiama, akasema, "Achia!"

Wakaachia. Wote saba.

Mie nikabaki nimesimama peke yangu uwanjani, na kwa muda mfupi sana nikajiona shujaa. Nikaangalia kamba. Kamba ikakaza. Nikaangalia fundo. Subhanallah, lilikuwa fundo zuri, marehemu babu angelisifia.

Miguu ikatangulia kuondoka. Kifua kikafuata. Nikapiga chini fyaa, kisha nikaanza safari kwa tumbo, mchanga unaingilia kwenye kola unatokea kwenye bukta. Mpishi bado kafumba macho. "Haraaambe!" Na watu uwanja mzima sasa wanamjibu, "Eee!", wake za askari, watoto, hata wenzangu saba. Kushinda ni kuvuta mita 4 tu. Mie nilishapita 4 zamani. Mwamuzi firimbi anayo mdomoni, lakini kicheko kimemjaa, firimbi inatoa pii… pii… kama kifaranga. Wavutaji wakapinda kukwepa wenzangu waliolala, na mie nikapinda nao, nikaelekea kwenye turubai la wakubwa.

Hapa ndipo klipu inapoanzia.

Nikapita mbele ya meza kuu. Mgeni rasmi akanyanyua miguu juu, vile mtu anavyopisha fagio. Pembeni yake mkuu wa kikosi, ananitazama machoni. Na mafunzo jamani ni kitu kibaya. Mkono wangu wa kulia ukapanda wenyewe mpaka kwenye paji la uso. Nikapiga saluti. Nimelala kifudifudi, mchanga mdomoni, nazidi kwenda.

Ile kelele unayosikia kwenye klipu, ambayo mwenzangu wa chumba anasema nilimwita mama, nilisema "Mkuu." Kreti ya soda ndiyo iliyonisimamisha.

Yaliyobaki hayana maana. Timu ikafutwa kwa ajili ya fundo langu, lililokatwa kwa kisu cha jikoni. Kiwiko kimechubuka. Sajenti akanirusha kichura kuzunguka uwanja, na si kwa sababu ya fundo: "Huna kofia kichwani, unapigaje saluti?" Jina langu jipya Ngalawa, na hata mtoto wa jirani ameshalijua.

Leo asubuhi nimepanga foleni ya chakula, nimeinamisha kichwa, sahani mkononi. Mpishi akanisubirisha, upawa uko juu.

"Ngalawa, nikutilie maharage, au unangoja maji yajae?"