"Ungenunua CRDB 2009": mama yangu alinunua

Kila ikifika msimu wa magawio, yaani ile faida kampuni inayowagawia wenye hisa, kuna ile hesabu inaanza kuzunguka kwenye magrupu na status, mtu anaandika "ungeweka milioni moja na nusu kwenye hisa za benki ya CRDB mwaka 2009 leo ungekua mbali", alafu chini watu wanajaza vile vikatuni vya kulia. Hesabu yenyewe ni ya kweli, sina ugomvi nayo. Ila mi nimeishi ndani ya hiyo hesabu, manake mama yangu alinunua kweli, na ndo mana nataka tuipige taratibu.

Mwaka 2009 CRDB waliuza hisa kwa umma kwa shilingi 150 moja, mwezi wa sita zikaingia Soko la Hisa la Dar es Salaam. Kwahiyo milioni moja na nusu inakupa hisa 10,000. Mwisho wa 2024 bei ilikua imevuka 600, kwahiyo una milioni sita na zaidi. Gawio la mwaka wa 2021 lilikua shilingi 36 kwa hisa, 2022 ikawa 45, 2023 ikawa 50, 2024 ikawa 65. Jumlisha hapo. Ni 196, yaani magawio ya miaka minne tu yamezidi hela yote uliyonunulia hisa, na hisa bado unazo. Kwa gawio la 2024 peke yake mwenye hisa 10,000 anapata 650,000, wanakata kodi ya zuio asilimia 5, zinaingia 617,500.

Hapo ndo watu wanapoishiaga. Sasa tuingie katikati.

Mama ni mwalimu, amestaafu juzi juzi hapa. Alinunua zile hisa kwa hela aliyovunja kwenye kikoba na nyingine kaongezea kwenye mshahara, ile risiti ya hisa akaiweka kwenye kopo la biskuti pamoja na karatasi za kiwanja. Miaka ya kwanza raha tupu, bei inapanda, tukawa tunamtania bibi hisa. Mwaka 2015 benki ikatoa hisa mpya kwa wanahisa wake, moja kwa kila tano ulizonazo, kwa shilingi 350. Mama hakuongeza maana hakua na hela, lakini alipiga hesabu kwamba hisa zake zinasoma milioni tatu na nusu, na nakumbuka alivyolisema lile neno "na nusu" akalivuta kidogo.

Alafu ikaja ile miaka. Serikali mwaka 2016 ikaagiza fedha za mashirika ya umma zihamie Benki Kuu, mabenki yakapungukiwa amana, biashara zikabana, mikopo chechefu, ile isiyolipwa, ikapanda. Faida ya CRDB baada ya kodi ikashuka mpaka bilioni 36 hivi kwa mwaka 2017. Gawio la mwaka huo lilikua shilingi tano. Mama akapata 47,500 baada ya kodi. Niko nae jikoni siku ile meseji inaingia, alivua miwani akaifuta na kanga akasoma tena, akasema "mwaka mzima hii, mwanangu?" Mwaka uliofuata gawio lilikua 8.

Mwaka 2019 bei ikawa inacheza kwenye mia, kuna kipindi ikashuka hata chini ya mia. Miaka kumi tangu anunue na bei iko chini ya aliyonunulia! Na nyumba ilikua imefika kwenye lenta, mbao zimeanza kuliwa na mchwa, mabati yanahitajika. Akauza zote. Akapata kama milioni moja, akaezeka.

Kwahiyo nikisikia mtu anasema "ungenunua tu ukasahau" namuuliza ni nani hapa kwetu anasahau milioni moja na nusu miaka kumi na tano. Ada haijasahau, msiba haujasahau, mchwa ndo kabisaa. Mama hakukosea benki wala hakukosea bei, alikosea kitu kimoja tu, hela aliyoweka ilikua na kazi nyingine inaisubiri. Na kusema ukweli hata hiyo sijui kama niite kosa, maana paa lile ndo tunalala chini yake mpaka leo.

Tuipige pia kwa asilimia maana "mara nne" inasikika kubwa sana. Kutoka 150 mpaka 600 kwa miaka kumi na tano na nusu ni kama asilimia 9 kwa mwaka, ukiondoa gawio. Na dola mwaka 2009 ilikua kama 1,300, mwisho wa 2024 kama 2,400, kwahiyo kwa anayehesabu kwa dola bei imepanda mara mbili na ushee tu. Weka pembeni yake hatifungani ya serikali, yaani unaikopesha serikali inakulipa riba, ile ya miaka 20 iliyoanza kutolewa 2013 kwa riba ya asilimia 15.49. Milioni moja na nusu pale ni 232,350 kila mwaka, haikatwi kodi. Mwenye hisa 10,000 za CRDB hakuwahi kupata gawio la kufikia hapo mpaka la mwaka 2021, hata la 2020 lilikua 22 kwa hisa, yaani 220,000. Miaka yote ile mwenye hatifungani alikua anapokea zaidi na usingizi wake uko palepale. Hisa ilikuja kumpita baadae, tena imempita kwa mbali, ila ilibidi uwepo.

Na walionunua kwa 350 mwaka 2015 wao walisubiri mpaka 2022 hivi ndo bei ikarudi juu ya pale. Benki ileile, tofauti ni siku uliyoingia tu.

Alafu kuna swala la benki ipi. Leo ni rahisi kusema CRDB, au kusema NMB ambayo serikali iliuza hisa zake kwa 600 mwaka 2008 na gawio la 2024 peke yake limefika 428.85. Lakini pale pale sokoni mwaka 2016 iliingia benki ndogo ya Yetu Microfinance, na watu wa kawaida kabisa waliweka hela zao, Desemba 2022 Benki Kuu ikachukua usimamizi wake. Hao hawapigiwi hesabu za status. Benki moja maana yake ni mikopo ya benki moja, na we mwenye hisa mikopo hiyo huioni, unaona bango na tabasamu la mhudumu.

Pamoja na yote hayo mi hisa za benki nanunua, na nanunua kwa sababu. Kwa mwaka 2024 CRDB ilipata faida ya kama bilioni 551, ukigawa kwa hisa zake bilioni 2.6 ni kama shilingi 211 kwa hisa, na bei mwisho wa mwaka ilikua mia sita na kitu. Faida ilikua imepanda mara kumi na tano toka 2017 na bei mpaka hapo ilikua haijapanda kwa kiasi hicho. Gawio la 65 ni chini ya theluthi ya faida. Kwangu hiyo ndo namba ya kuangalia, sio ile ya 2009 ambayo hakuna anayeweza kurudi kuinunua.

Ila naweka kidogo kidogo kwenye simu kila mwisho wa mwezi, baada ya kodi ya nyumba na hela ya mama, na nusu naipeleka kwenye hatifungani. Mama ananiuliza bei kila Jumamosi nikimpigia. Nikimtajia ananyamaza kidogo, alafu ananiambia mvua zimeanza na paa halivuji.