Uzamili wa Hisabati ya Foleni: Kijana wa Tanga Aende Sasa au Aanze Kazi?

Kijana mmoja wa Ngamiani, mwenye shahada ya kwanza ya hisabati, ameniletea swali ambalo limenikaa kichwani wiki nzima. Aombe sasa nafasi Uingereza akasome uzamili wa utafiti wa uendeshaji, au atafute kazi kwanza? Baba yake anasema elimu haingojwi. Mjomba wake, aliyefanya kazi bandarini miaka mingi, anauliza: ukirudi na cheti hicho, kazi yenyewe inaitwaje?

Kwa ufupi, utafiti wa uendeshaji (operational research) ni hisabati ya kufanya maamuzi: magari mangapi, yapite wapi, wahudumu wangapi wakae dirishani, mzigo upi utangulie. Jina lake lilizaliwa Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1930, wanasayansi walipoitwa kuwasaidia wanajeshi kuitumia vyema rada. Aliyesoma hisabati hadi kidato cha nne ameshaionja: ile mada ya kuchora mistari kwenye karatasi ya grafu na kutafuta kona yenye faida kubwa.

Baba ana hoja nzito, maana Tanga imejaa maswali ya aina hii. Kwa miaka mingi meli kubwa zilitia nanga mbali na gati, mzigo ukashushwa kwenye matishari na kupakuliwa mara ya pili nchi kavu. Sasa kina kimechimbwa hadi mita 13 na meli zinafunga gatini, kwa hiyo swali limehamia kwenye malori na nafasi ya kuweka makontena. Bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Uganda mwisho wake ni Chongoleani. Na maziwa je? Gari lenye vituo 10 vya kukusanyia linaweza kuvizungukia kwa mpangilio wa namna 3,628,800, na maziwa hayamsubiri dereva anayebahatisha.

Lakini mfano unaonigusa zaidi ni foleni ya hospitali. Chukua daktari mmoja anayepokea wagonjwa 9 kwa saa, naye ana uwezo wa kuwaona 10. Mtu angedhani mambo ni shwari. Hesabu ya kawaida ya foleni inasema mgonjwa atasubiri wastani wa dakika 54. Mwondolee daktari kazi ya kujaza fomu, apewe karani, ili kila mgonjwa atumie dakika 5 badala ya 6: kusubiri kunashuka hadi dakika 15. Dakika moja tu, na mama mwenye mtoto anayechemka homa anapungukiwa na dakika 39 za benchi. Elimu inayoweza kufanya hivyo siwezi kuiita ya anasa.

Hapo hapo, hata hivyo, ndipo mjomba anapopata nguvu. Hesabu hiyo inadhani wagonjwa wanafika kwa kutawanyika siku nzima. Kwetu watu wanatoka majumbani alfajiri kuwahi namba, na saa mbili asubuhi benchi limejaa. Aliyewahi kukaa pale analijua hilo bila kuambiwa. Aliyetoka darasani moja kwa moja ataleta jibu safi la foleni ambayo kwetu haipo.

Tena kuna takwimu. Katika ofisi nyingi saa ya kuingia kwa lori imeandikwa kwa kalamu kwenye kauntabuku, na saa ya kutoka haikuandikwa kabisa. Mtaalamu atatumia miezi ya mwanzo kuhesabu kwa macho getini. Na ratiba aliyoikesha inaweza kupanguliwa na simu moja ya mkubwa anayetaka mzigo wake utangulie. Ada ni kubwa, na matangazo ya kazi yenye jina la fani hii ni ya kutafuta kwa tochi; mara nyingi kazi hizi hujificha chini ya ugavi, mipango au takwimu.

Nikizipima hoja hizi, naegemea kwa mjomba kuhusu wakati, na kwa baba kuhusu elimu yenyewe. Aende, lakini atangulie kufanya kazi miaka miwili mahali penye foleni au mzigo, hata kama ni ukarani wa ghala. Hatakuwa amepoteza muda: ufadhili wa Chevening wa serikali ya Uingereza wenyewe unadai uzoefu wa kazi wa saa 2,800, ambao ni kama miaka miwili, na unamtaka mhitimu arudi kwao kwa miaka miwili. Uzamili wa kule kwa kawaida ni mwaka mmoja, na vyuo vingi hukamilisha kwa mradi unaotatua tatizo la taasisi halisi. Mwenye daftari la namba alizozikusanya mwenyewe Tanga ana la kupeleka.

Asiye na daftari anaweza kulianza kesho. Solver, zana ya kutafuta jibu bora, iko ndani ya Excel, na Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, ni ya bure. Kijana wetu nimemwomba aanze na kituo kimoja cha maziwa, kwa idhini ya wenyewe: aandike saa gari linapofika, lita linazobeba na saa linapoondoka, kila siku kwa mwezi mzima. Akimaliza tutakaa naye na baba yake na mjomba wake, daftari likiwa mezani.