Dakika 30 zisizo na "isipokuwa"

Kanuni za Marekani za helikopta kubwa za uchukuzi, Part 29, zina sharti ninalotamani kila abiria wa helikopta alifahamu: giaboksi kuu, inayopeleka nguvu ya injini kwenye panga, ikipoteza oili, chombo kiweze kuendelea kuruka salama kwa dakika 30. Kwa wanaovuka bahari, hizo ndizo dakika za kufika nchi kavu. Ila sharti hilo liliandikwa na "isipokuwa" yake: mtengenezaji akionyesha kwamba uwezekano wa kupoteza oili ni mdogo mno, anasamehewa.

Helikopta ya S-92, ya kampuni ya Sikorsky, ilipita hapo. Mwaka 2002 giaboksi yake ilijaribiwa bila oili, ikaharibika baada ya dakika kama 11. Kampuni ikaja na hoja nyingine: panapoelekea kuvuja zaidi ni kwenye kipoza oili, na vali ipo ya kukitenga. FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, ikaridhika, cheti kikatoka mwaka huohuo.

Hakuna aliyelizingatia kasha la chujio la oili, lililoshikiliwa na boliti 3 za titani. Julai 2008, huko Australia, boliti hizo zilikatika. Marubani wakawahi kutua. Januari 2009 mtengenezaji akaagiza ziwekwe za chuma, akitoa muda wa hadi mwaka mzima. Mwaka mzima, kwa kitu ambacho tayari kilishakatika angani!

Tarehe 12 Machi 2009, S-92 iliyokuwa ikipeleka wafanyakazi kwenye visima vya mafuta nje ya Newfoundland, Kanada, ilipoteza oili kwa namna ileile. Kama dakika 10 baadaye ikaanguka baharini. Walikuwemo watu 18. Akapona mmoja.

Najua giaboksi inayohimili ukavu huongeza uzito na gharama, na waandishi wa kanuni walitaka kuacha nafasi kwa ubunifu. Lakini uwezekano mdogo hukadiriwa mezani kwa hitilafu ambazo mhandisi amezifikiria, na jaribio halijali alichokisahau. Ndiyo maana naunga mkono kwa moyo wote pendekezo la wachunguzi wa Kanada la mwaka 2011: msamaha huo ufutwe kwa helikopta mpya za daraja A (zenye injini zaidi ya moja, zinazoweza kuendelea kuruka injini moja ikizima), na baada ya kipindi cha mpito, hata kwa zile zinazoruka tayari. Hilo la pili ndilo gumu, na ndilo lenye abiria ndani. Zikisubiri, dakika halisi zilizopatikana kwenye jaribio ziandikwe wazi kwenye kitabu cha rubani, na abiria atajiwe kabla ya kufunga mkanda.