Apu ya mkokoteni na hawa watu wa pesa

Jamani hebu niwaulize, nyinyi mnaopata pesa za statap, hizi kampuni changa za teknolojia, mnazipata wapi? Manake mimi huu mwaka wa pili nazunguka na slaidi kama mtu anayeuza kashata, na afadhali hata huyo wa kashata, jioni anarudi nyumbani na chenji.

Wazo langu ni la maji. Mtu wa Mombasa hahitaji kuelezwa, tumezungukwa na maji kote kote na ya kupikia chai hakuna. Yetu yatoka Mzima Springs huko Tsavo, zaidi ya kilomita 200, bomba lenyewe la miaka ya 1950, mengine Baricho, mengine Marere, na njiani kuna mpasuko, kuna mgao, kuna mtu na msumeno wake usiku. Ikifika zamu yetu Majengo mfereji unakohoa tu, unatoa upepo unanyamaza. Hapo ndio wanaingia watu wa mikokoteni na mitungi yao ya lita 20. Sasa mimi nikawaza, ikiwa mtu anaita teksi kwa simu, anaita tuktuk kwa simu, mbona asiite mkokoteni? Unabonyeza, unauona kwenye ramani unakuja mdogo mdogo, mitungi 6, ghorofa ya tatu, unalipa kwa M-Pesa, basi. Nikakaa na laptopu ya kuazima miezi 4 nikaandika hiyo apu mpaka ikafanya kazi. Na inafanya kazi wallahi. Shida ni kuwa tunaitumia mimi na dadangu peke yetu, na dadangu anataka nimlipie bando.

Nikaanzia nyumbani kama wanavyoshauri. Mama akanisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza hata mara moja, kisha akaniuliza, "Kwa hivyo wataka kuuza maji?" Nikamwambia la mama, mimi siuzi maji, mimi nawaunganisha mwenye maji na mwenye kutaka maji kisha nachukua kidogo pale katikati. Akasema, "Aaah. Dalali." Miezi 4 ya kukesha, neno moja. Na pesa za chama, akasema, zamu yake ni mwezi wa kumi na ishapangiwa mapazia.

Nikaenda kwa ami yangu mwenye duka Old Town. Ami hataki kusikia riba, nami nilikuwa nimejiandaa, nikamwambia ami, hawa watu wa statap wanafanya mudaraba tupu, mwenye mali anatoa mali, mwenye kazi anatoa jasho, faida mnagawana mlivyoagana, hakuna mkopo hakuna riba. Ami akafurahi mpaka akaagiza kahawa na haluwa, akaanza kumsimulia kila anayepita kuwa hawa wazungu mambo yetu wameyachukua wakayabandika jina. Tukaenda vizuri, kikombe cha kwanza, cha pili, nikaanza kuuona mlango wa heri. Kisha nikafanya ujinga wa kummalizia somo, kuwa kwenye mudaraba mali ikipotea pasi na makosa yangu hasara ya mali ni ya mwenye mali. Ami akaangalia saa, akakumbuka ana mzigo bandarini.

Hustler Fund nayo nilijaribu, ile ya mikopo ya serikali iliyoanza 2022. Riba yake asilimia 8 kwa mwaka, sina neno nayo, lakini mgeni unaanza na shilingi 500 na asilimia 5 inawekwa akiba, kwa hivyo nikabaki na 475. Nikanunua bando na viazi karai. Viazi vilikuwa vizuri.

Mashindano ya ubunifu sisemi. Nina fulana 5 na vyeti 5, nimekula sambusa za kutosha, na fulana zote ni saizi ya baba wa mtu.

Kisha nikaambiwa Mombasa utazeeka, pesa ziko Nairobi. Nikapanda treni ya SGR, nauli 1,500 tangu iongezwe 2024, na shati langu la harusi za watu, mwezi wa saba, hakuna aliyenitajia baridi. Jamaa mwenyewe ofisi yake Ngong Road, kijana kunishinda, viatu havina soksi na baridi ile! Nikaanza kujieleza. Dakika mbili tu akanisimamisha, nikajua tayari, kumbe anamuita mwenzake wa chumba cha pili, "Kuja uskie hii Kiswahili!" Wakaja watu wanne. Nikaambiwa nirudie ile ya mfereji kukohoa. Nikarudia. Wakacheka, mmoja akanirekodi, ati napenda vile mnaongea huko kwenu, ni kama wimbo. Wallahi nilidhani nishapata pesa.

Kisha yule bila soksi akauliza, "Lakini uko na traksheni?" Nikamwambia ipo, tena nzuri, zile ni tairi za gari, hata mchangani hazitelezi. Kimya. Kumbe anauliza wateja nnao wangapi na wanaongezeka kwa kasi gani. Akaniuliza ranwei yangu ni miezi mingapi, yaani pesa nilizonazo zitanifikisha lini, na mimi zilizoko mfukoni hazinifikishi Mtito Andei. Akauliza kampuni imesajiliwa Delaware? Nikamuuliza hiyo ni upande wa Rongai? La, ni Marekani, ndiko wenye pesa zao wanakopenda kampuni ikae, hata za Afrika nyingi ziko huko kwa karatasi. Mkokoteni uko Majengo, maji yatoka Tsavo, kampuni iko Delaware! Mwisho akanishauri nitafute malaika. Ati kuna wawekezaji wanaitwa malaika. Mimi malaika ninayemjua wa kupita nyumba kwa nyumba ni mmoja tu na hapeani cheki.

Kurudi nikajaza fomu ya wale Y Combinator wa Marekani, wanatoa dola 125,000 kwa asilimia 7 ya kampuni. Fomu yataka video ya dakika moja ya waanzilishi. Waanzilishi, wengi. Mimi niko peke yangu na dadangu kashajitoa kwa sababu ya bando.

Nikamwendea mzee wa maji wa mtaani kwetu, asimame tu kando yangu dakika moja. "Shikamoo mzee, nataka uwe mwanzilishi mwenzangu." Akauliza yalipwa kwa siku au kwa mtungi. Wakati namtega simu kwenye ukuta ndio nikaona ubavu wa mkokoteni, ile mbao ndefu, imejaa vistari vya mkaa. Kila nyumba na safu yake. Mnara wa juu, mitungi 4 kila siku mbili. Muuza mahamri, 3 kila alfajiri. Waliolipa amewapitishia mstari, wadeni wamebaki wazi. Nyumba 31. Miye nimekwenda mpaka Ngong Road kutetemeka na kumbe traksheni ilikuwa inapita dirishani kwangu kila asubuhi ikinguruma.

Video hatukurekodi. Mzee akaniuliza hicho kidude chataka ngapi, nikamwambia kwa kuanza 12,000. Akakaa juu ya mtungi, akafungua simu yake ya vibonye, akasoma polepole huku mdomo ukimchezacheza. "Nina 8,000. Lakini Ijumaa na Jumamosi mimi naenda nyumbani Kaloleni, na mkokoteni haulali."

Hilo ndilo sharti lake, asilimia hata hakuuliza.

Basi Ijumaa iliyopita ndio mimi huyo, mitungi 10, fulana ya mashindano imenilowa mgongoni, napanda kile kilima cha kwetu kinyumenyume manake mbele nimeshindwa, na apu inalia mfukoni siwezi kuishika. Nafika chini ya nyumba yetu nasikia dirisha linafunguliwa.

"We dalali! Niletee miwili, kisha uandike!"

Nikautafuta mkaa.