Bado tunaimba huku Bagamoyo

Mwandishi wa makala mliyochapisha anasema nyimbo za dini za kutia matumaini siku hizi zimebaki kwenye simu tu. Kwa Bagamoyo hapana, ndugu. Njoo kwenye zikri, yaani kumtaja Mungu kwa pamoja, ya Kadiriya, tarika (njia ya Kisufi ya Kiislamu) aliyoieneza hapa Sheikh Ramiya mpaka alipofariki 1931. Wanaanza taratibu, bega kwa bega, kisha pumzi zinakuwa moja, na aliyekuja na msiba wake analia mpaka moyo unakuwa mwepesi. Kwaya za kule Misheni ya Wakatoliki, iliyoanza 1868, nazo vilevile. Mimi Muislamu, lakini jirani alipofiwa, sauti za wale akina mama usiku wa matanga zilinishika kwelikweli. Wahariri, warekodini wazee wetu mapema, kasida nyingine, zile tenzi za dini, wanazo vichwani tu.